Babu, fenesi na barua za Marekani

Babu yangu mzaa mama alikuwa msoma barua wa mtaa. Sio kazi ya kulipwa, we ulikuwa ukipata barua kutoka Maskati au Dubai au Mombasa na hujui kusoma, au unajua lakini hati ya mwenyewe kama kuku kachakura, unaipeleka barzani kwa babu pale Utaani, Wete, Pemba, baada ya laasiri. Anavaa miwani, anaifungua, anaipitisha macho mwanzo mpaka mwisho kimyakimya, afu ndo anaanza kuisoma kwa sauti. Huko kupitisha macho kwanza ndo kwenye siri yenyewe. Mana kama mume kaandika jambo la kuudhi babu alikuwa analilainisha, na kama kasahau kumsalimia mama mkwe babu anamsalimia kwa niaba yake, salamu nzima nzima mpaka kumuulizia mguu unaendeleaje. Wanawake kadhaa wa Wete walikuwa wakiwasifu waume zao wa Arabuni kwa adabu ya kuandika na kumbe adabu yote ilikuwa ya babu.

Nimeanza na hilo mana bila ya hilo hamtafahamu nnachotaka kusimulia, ambacho ni habari ya redio.

Miaka ile ya hamsini na sitini BBC ya Kiingereza ya masafa mafupi ilikuwa na kipindi cha kama robo saa, mwisho wa wiki, kinaitwa Letter from America. Ukikisikia leo utasema hakina kitu. Hakuna muziki, hakuna wageni, hakuna watu kukatizana maneno, ni mzee mmoja tu anasoma barua. Anaitwa Alistair Cooke. Anaanza na kitu kidogo, joto la New York, majani ya miti yanavyogeuka rangi kule Vermont, jirani yake, mchezo wa gofu (alikuwa mgonjwa wa gofu huyo bwana), unajiuliza huyu kanikalisha hapa anisimulie gofu, mara unashtuka umeshafika Ikulu yao na hujui umepitia njia gani.

Wazee wa barza wanaijua njia hiyo. Nani kwenye barza ya kwetu anaanza na habari yenyewe? Unaanza na bei ya samaki, unapita kwa mgonjwa wa fulani, unauliza karafuu zimeanza kukauka au bado mvua inasumbua, na habari iliyokutoa nyumbani unaitoa wakati unainuka kwenda kusali magharibi, umeshika viatu mkononi. Ndo mana babu alimpenda. Babu alikuwa karani, Kiingereza alikisoma skuli na kukifanyia kazi, na alikuwa na redio ya Philips yenye mwili wa mbao ambayo mimi nimeikuta ikiwa imeshakufa, imefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake pamewekwa maua ya plastiki. Akisikiliza ndani, kesho yake anatoka barzani anasema "barua ya Marekani imefika".

Na mamdogo wangu, ambaye ndo shahidi nliyebaki naye, ananambia babu alikuwa akishasema hivo anavaa miwani. Karatasi hana, mikono mitupu, lakini miwani anavaa. Afu anaisoma.

Kuna mzee mmoja wa barza alichukua muda kufahamu, mana kwake marekani ilikuwa kitambaa. Na hakukosea. Huku kwetu watu wameijua marekani kabla ya kuijua Marekani, ile bafta nzito isiyotiwa rangi iliyokuwa ikija na meli za Salem, Massachusetts, tangu zama za Sayyid Said, walitiliana mkataba wa biashara 1833 na 1837 balozi wao keshafungua ofisi Unguja. Pembe za ndovu na sandarusi zinakwenda, kitambaa kinakuja. Kwa hivo mzee wa watu akiambiwa marekani imeandika barua anashangaa, bafta inaandikaje.

Sasa huyu Cooke mwenyewe si Mmarekani wa kuzaliwa. Ni Muingereza wa Salford, kazaliwa 1908, kakulia Blackpool pwani ya kaskazini huko, jina lake la mwanzo Alfred akalibadilisha akiwa kijana wa Cambridge. Akapata skolashipu 1932 kwenda Yale na Harvard, akarudi kwao, 1937 akahamia Marekani moja kwa moja, na uraia akachukua Disemba 1941, siku chache tu kabla ya Wajapani kupiga Pearl Harbor, kuna Waingereza hawakumsamehe kwa hilo, nchi inapigwa mabomu na wewe unabadilisha pasi. Barua ya kwanza ilisomwa tarehe 24 Machi 1946. Mpango ulikuwa wiki 13. Akaendelea miaka 58. Kama kibanda cha uani cha kukaa kwa muda tu, ukirudi wameshazaliwa wajukuu humo humo. Barua ya mwisho ilikuwa 20 Februari 2004, jumla barua 2,869, na mwezi uliofuata akafariki, ana miaka 95.

Sikuwa nikimfikiria kabisa huyu mtu mpaka usiku mmoja nikiwa na bando linaloisha saa sita za usiku na sitaki lipotee bure, nikawa napekua pekua nikakumbuka "barua ya Marekani", nikaandika jina, na hizo barua zikatoka mkururo. BBC waliziweka kwenye intaneti 2012, zaidi ya 900. Za zamani nyingi hawakuhifadhi sauti, redio wakati ule ilikuwa kitu cha kusema kikapita, maandishi yake ndo yapo, yamewekwa Chuo Kikuu cha Boston. Na baadae wakajitokeza wasikilizaji wa kawaida waliokuwa wakijirekodia majumbani kwa kaseti, zikapatikana 600 na zaidi kwa njia hiyo. Hapo nilicheka peke yangu mana ni kama nyimbo zetu za taarabu, unazitafuta redioni hazipo, unazikuta kwa bibi mmoja Malindi kwenye boksi la viatu chini ya kitanda.

Basi nikaanza kusikiliza, kila usiku moja mbili, na nikawa nazishika hadithi za babu moja moja nazilinganisha, na barua zenyewe na vitabu vya historia. Mana nimekulia kwenye hadithi hizo. Miaka ya themanini, umeme umekatika, tumelala mkekani barazani, babu anatusimulia Truman, rais wa Marekani, kama wengine wanavyosimuliwa Abunuwasi.

Truman wa babu alikuwa muuza mashati. Hiyo ni kweli kabisa. Alifungua duka la nguo za kiume Kansas City 1919 na mwenzake mmoja, mashati, tai, kofia, na 1922 duka likafa. Babu alikuwa analikazania hilo kwa sababu barzani palikuwa na fundi cherehani na wenye maduka wawili watatu, na sehemu aliyoipenda zaidi ni kwamba Truman madeni hakuyakimbia, aliyalipa kidogokidogo miaka na miaka. Kwenye mji ambao kila mtu ana daftari la mkopo dukani hiyo ni habari nzito kuliko bomu la atomiki. Hilo bomu babu alikuwa analitaja mwishoni, kwa sauti ya chini.

Afu uchaguzi wa 1948. Magazeti yote, wataalamu wote wa kuhesabu maoni, wote wanasema Truman kesha, rais ni mpinzani wake Dewey, wengine waliacha hata kuuliza watu wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Truman akapanda treni. Anazunguka nchi nzima, treni ikisimama kijiji anatoka nyuma ya behewa la mwisho anahutubia, anaondoka. Usiku wa kuhesabu kura Chicago Daily Tribune wakachapa ukurasa wa mbele kwamba Dewey kamshinda Truman, asubuhi Truman ndo mshindi, na kuna picha maarufu kalishika lile gazeti juu anacheka meno yote nje. Babu alimalizia kwa kusema kwamba Truman akalichukua gazeti lile lile akafungia haluwa. Nimetafuta haluwa kwenye historia ya Marekani nzima, haimo. Haluwa ni ya Wete.

Lakini jambo ambalo babu hakulisema, na nafikiri angelijua angelificha kama alivyokuwa akificha ya waume za watu, ni kwamba Cooke mwenyewe alikuwemo kwenye kapu la waliokosea. Alikuwa pia mwandishi wa Manchester Guardian, na kwenye gazeti hilo alimuandikia Truman makala ya kumzika kisiasa kabla kura hazijahesabiwa. Maiti ikaamka. Mi hapo ndo nlimpenda zaidi, mana mtu aliyekosea hadharani kiasi kile na wiki inayofuata akarudi redioni na sauti ile ile ya utulivu, huyo ana ngozi.

Sasa fenesi.

Hadithi kubwa ya babu, ile tuliyokuwa tukiiomba irudiwe, ni ya mtu aliyeficha siri za serikali ndani ya fenesi. Alikuwepo mkubwa mmoja wa serikali ya Marekani, msomi, mstaarabu, kavaa vizuri, na alikuwepo mwandishi wa gazeti mnene mnene, nguo zimekunjamana, na huyu wa pili akasema yule wa kwanza alikuwa akiwapa Warusi siri. Yule akakataa. Basi huyu mnene akawachukua wapelelezi usiku mpaka shambani kwake, akaenda kwenye fenesi moja, akalifungua kama mfuniko wa sufuria, mkono akatia ndani, akatoa filamu. Na babu hapo anatuonyesha mkono wake, anautazama, anasema "lakini nani katoa mkono ndani ya fenesi ukatoka safi? Ulimbo ule, hata ukoshe kwa mafuta ya taa." Tunacheka. Anasema basi wote wawili walitoka pale na ulimbo mikononi na mpaka wanakufa haukuwatoka.

Ni kesi ya Alger Hiss na Whittaker Chambers. Disemba 1948, shamba lipo Maryland, na kitu chenyewe ni boga. Boga jamani. Nlivyolisoma nlikaa kitako kitandani. Miaka arobaini natembea na fenesi kichwani. Maryland hawana fenesi hata wangelitaka, na mimi mtu mzima nimesoma jiografia, sikuwahi hata siku moja kujiuliza. Hiss akahukumiwa 1950 kwa kosa la kusema uongo mbele ya mahakama, miaka mitano alipewa, akakataa kwamba alikuwa jasusi mpaka anaingia kaburini 1996. Chambers alitangulia, 1961. Cooke alihudhuria kesi akaiandikia kitabu, na ukimsikiliza mambo ya wakati ule utaona hakuwa mtu wa kukimbilia kusema nani mkweli, alikuwa akitazama zaidi nchi inavyobadilika tabia wakati inauliza suali hilo. Watu walivyoanza kuogopana. Babu hayo yote kayatia kwenye ulimbo. Mi naona kapatia kuliko boga, mana boga ukilipasua unafuta mikono kwenye kanzu unaendelea na shughuli zako.

Baada ya hapo anakuja McCarthy. Huyu ni seneta wa Wisconsin, tarehe 9 Februari 1950 alisimama kwenye mji mdogo wa Wheeling, West Virginia, akasema ana orodha ya majina ya makomunisti waliomo wizara ya mambo ya nje. Idadi yenyewe ilikuwa ikibadilika, mara 205, mara 57, mara 81. Watu wakapoteza kazi, rafiki akamtaja rafiki, mtu akiulizwa ulihudhuria mkutano gani mwaka gani na nani alikaa pembeni yako. Miaka minne. Mpaka 1954 akajaribu kuligeukia jeshi, kesi ikaonyeshwa kwenye televisheni nchi nzima, watu wakamuona sura yake na namna anavyosema na wakachoka naye, Disemba mwaka huo maseneta wenzake wakamlaani rasmi. 1957 keshakufa, pombe.

Mamdogo anasema hadithi hii ilikuwa ikisomwa sana barzani, na watu wakiipenda mana ile habari ya orodha inayobadilika idadi inachekesha. Baada ya 1964 haikusomwa tena. Hakuna aliyemkataza. Barza yenyewe ilipungua watu, wengine walikwenda Mombasa, wengine Dubai, wengine haikujulikana, na waliobaki walikuwa wakizungumza mambo ya mvua. Redio akaihamishia chumba cha ndani. Mimi nimemkuta miaka ya themanini, hadithi zote anatoa, ukimwambia babu tusimulie McCarthy anakwambia "huyo alikuwa mlevi tu" na anaulizia chai.

Nimerudi nyuma nimeruka Little Rock, na siwezi kuiruka mana ndo ninapogombana na Cooke. Septemba 1957, Arkansas, watoto tisa weusi wanataka kuingia skuli ya sekondari ya wazungu, mahakama kuu ya nchi ilishasema tangu 1954 kwamba kutenganisha skuli ni kinyume cha sheria, gavana akaleta askari wa kuwazuia, na mwisho rais Eisenhower akapeleka wanajeshi wa miavuli wawasindikize watoto darasani. Mwaka huo huo, Julai, na sisi Zanzibar tulipiga kura kwa mara ya kwanza. Kwa hivo barza ilikuwa moto. Na mamdogo, alikuwa mtoto mdogo sana lakini hili lilikuja kusimuliwa mpaka likakaa, anasema kuna mzee alimuuliza babu, hao watoto wanataka nini kwani? Kusoma. Kusoma tu? Kusoma tu. Na wanajeshi wote hao? Yule mzee akanyamaza, afu akasema "basi hiyo nchi kubwa kwa eneo tu."

Sijakuta sentensi kali kama hiyo kwenye barua za Cooke. Alilizungumza suala la rangi, si kwamba alilikwepa, lakini kwa sikio langu mimi analizungumza kutoka roshani. Nyumba yake ilikuwa Fifth Avenue inatazama ile bustani kubwa ya Central Park, na majira ya joto anakwenda Long Island ufukweni, marafiki zake ni wacheza gofu na majaji na waigizaji, na mtu husimulia mtaa anaouona dirishani. Huko huko Long Island, kuanzia 1947, yalijengwa majumba ya Levittown, nyumba 17,000 na zaidi, zote sura moja kama maghorofa yetu ya Mtemani yalivyo sura moja, kila nyumba na jiko na friji, askari aliyerudi vitani anapata kwa mkopo rahisi, dunia nzima ikaambiwa haya ndo maisha ya Mmarekani. Mkataba wenyewe ulikataza mtu mweusi kuishi humo. Kitu kama hicho nataka nikisikie kwenye sentensi ya kwanza, si baada ya majani kugeuka rangi. Sawa, najua, hapo juu nimemsifu kwa kuanza mbali. Kuna mambo ya kuanzia mbali na kuna mambo ya kupigia ukunga.

Na lazima niseme pia barua zile hazikuandikwa kwa ajili yetu. Alikuwa akimuandikia Muingereza wa baada ya vita, anayekula kwa kadi ya mgao, anayemuona Mmarekani kama ndugu mdogo aliyetajirika akasahau adabu. Sisi wa Utaani tulikuwa tukisoma barua ya mwenyewe. Huenda ndo raha yake, barua isiyokuhusu ni tamu kuliko yako, haina mtu anayekuomba hela.

Kuna mara moja tu Marekani ilitukaribia kwa kweli, na ni Tunguu. Walijenga pale kituo cha kufuatilia vyombo vyao vya angani, mradi wa Mercury, kuanzia 1960, na tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu Zanzibar ilikuwa moja ya sehemu zilizokuwa zikiongea naye kwa redio. Chama cha Hizbu kiliandamana kukipinga kituo, watu wakisema ni mambo ya makombora. Babu alikwenda Unguja akapita njia ile akayaona madishi, akarudi Wete anasema Mmarekani kaweka sikio Tunguu. Kwake ilikuwa haki bin haki, sisi tunawasikiliza wao na wao wanatusikiliza sisi. 1964 serikali ya Mapinduzi ikawaambia waondoe, wakaondoa. (Tarehe hiyo ya Glenn, 20 Februari, ndo tarehe ya barua ya mwisho ya Cooke miaka 42 baadae. Nimeiona tu nikaandika, haina maana yoyote.)

Ya Kennedy kila mtu anayo. Alimshinda Nixon 1960 kwa tofauti ya kura laki moja na kitu kati ya milioni 68, na barza ilikuwa ikilifahamu sana jambo la namna hiyo mana Januari 1961 Chake mtu alishinda kwa kura moja, kura moja bwana, waliokuwepo mpaka leo wanabishana ya nani. Ule utaratibu wao wa kura za majimbo, kwamba unaweza kuwa na watu wengi zaidi na ukashindwa, babu alikuwa hana shida ya kuuelezea baada ya Julai 1963, ambapo chama cha ASP kilipata asilimia 54 ya kura na viti 13 kati ya 31. Hayo nayaacha hapo hapo, nna jamaa wa pande zote mbili wanasoma hapa. Kennedy kapigwa risasi Dallas 22 Novemba 1963, mchana kwao, kwetu saa tatu na nusu za usiku wa Ijumaa, na siku 18 baadae tukapata uhuru, na mwezi mmoja baada ya uhuru yakaja Mapinduzi. Mamdogo anasema kwenye kichwa chake vitu hivo vitatu ni kitu kimoja, kama mtu aliyeshuka ngazi tatu gizani.

La mwisho ni la 1968, na hili sikulijua mpaka mwaka huu.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1968 Robert Kennedy, mdogo wake rais, alikuwa kwenye hoteli ya Ambassador, Los Angeles, keshashinda kura za awali za California, kamaliza hotuba, wakampitisha njia ya jikoni kukwepa umati, na huko jikoni akapigwa risasi. Akafariki siku ya pili. Cooke alikuwepo. Miaka yote ile anaandika kutoka roshani, mara hii kajikuta mita chache tu, kaingizwa na mkumbo wa watu mpaka ndani, kaona mtu kalala sakafuni. Alisimulia kwenye barua ya wiki ile. Nimeisikiliza mara tatu. Sauti ni ile ile, hapandishi, lakini njia ya mzunguko hamna, hakuna gofu wala majani, anakwenda moja kwa moja kama mtu anayetoa ushahidi.

Nlimuuliza mamdogo kama babu aliisoma hiyo. Akasema barza ilishakwisha wakati huo, hakukuwa na wa kumsomea. Lakini anakumbuka siku babu alitoka chumbani kwenye redio akaja mpaka uani walipokuwa wanachambua mchele, akasimama, akaomba maji. Wakamuuliza kuna nini. Akasema "kuna mtu kauliwa jikoni." Bibi akashtuka akauliza jikoni kwa nani. Babu akasema si hapa, akanywa maji, akarudi ndani. Miwani hakuvaa.

Basi Eid iliyopita nlikwenda Wete nikachukua na kispika changu kidogo, nikamuwekea mamdogo sauti ya Cooke. Hajui Kiingereza. Alisikiliza kama dakika tano, kichwa kainamisha, afu akasema "ndo huyu? Ana sauti ya mtu aliyeshiba." Nikacheka. Akanambia haya soma. Yani nitafsiri. Nikaanza, kwa uaminifu kabisa, neno kwa neno, na baada ya sentensi nne namuona ananitazama kama unavyomtazama mtoto anayesoma ubao wa daktari wa macho. Nikabadilisha. Nikasema, anasema kwanza anakusalimieni nyote hapo nyumbani na anatumai karafuu mwaka huu zimezaa. Akaitikia "aleikum salaam, zimezaa alhamdulillahi", uso mkavu.

Tulivyofika kwenye Hiss nikamwambia mamdogo, hapa lakini lazima nikwambie ukweli, lile lilikuwa boga. Akauliza boga gani. Nikamueleza, Maryland, Disemba, filamu, nikamuonyesha na picha kwenye simu. Akaiangalia picha muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu.

"Baba alisoma fenesi," akasema, akanirudishia simu, akaenda kuepua chungu.